Mawasiliano ya seli kwa kemikali

Mawasiliano ya seli ni utaratibu ambao seli moja hutoa kemikali, na nyingine, iwe jirani au ya mbali, huipokea na kubadili mwenendo wake. Homoni husafiri kwa damu, kama insulini itokayo kwenye kongosho. Kemikali za neva huvuka tu pengo jembamba kati ya seli mbili. Hata gesi hutumika: oksidi ya nitriki hutolewa na seli za ndani za mishipa ya damu ili misuli ya mishipa hiyo ilegee. Damu huifikisha homoni karibu kila mahali mwilini, lakini zinazoitika ni zile seli tu zenye kipokezi chake, yaani protini ambayo homoni hiyo huweza kujishika nayo.

Mfano uliochunguzwa sana ni adrenalini. Mtu akishtuka, tezi zilizo juu ya figo huimwaga katika damu, na ini huvunja akiba yake ya glikojeni ili kutoa sukari. Ajabu ni kwamba adrenalini yenyewe haiingii ndani ya seli ya ini. Hujishika kwenye kipokezi cha utandoni na kuishia hapo. Katika miaka ya 1950 Mmarekani Earl Sutherland aligundua molekuli ndogo, AMP mviringo, inayotengenezwa ndani ya seli na kuieneza habari hiyo. Ikaitwa mjumbe wa pili, na mwaka 1971 Sutherland akapata Tuzo ya Nobel. Kiungo kati ya kipokezi na kimeng'enya kinachotengeneza mjumbe huyo kilikuja kubainishwa na Martin Rodbell na Alfred Gilman, waliotuzwa mwaka 1994: ni protini G, ambayo huamka ikishika molekuli ya GTP na kujizima kwa kuivunja. Kipokezi kimoja huamsha protini G nyingi, na kila kimeng'enya hutengeneza AMP mviringo kwa wingi. Ndiyo maana homoni kidogo sana hutosha.

Kujizima huko hutajwa kwa nadra, ingawa uzito wake si mdogo kuliko wa kuamka. Kipindupindu huonyesha hivyo waziwazi. Sumu ya bakteria wake huingia katika seli za utumbo mdogo na kuizuia protini G isijizime. AMP mviringo hurundikana, kloridi humwagika utumboni, sodiamu na maji hufuata, na mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Hata hivyo sumu hiyo haiigusi njia nyingine ya seli hizohizo, inayoingiza sodiamu pale tu inapofuatana na glukosi. Kwa hiyo sukari iliyomo katika pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari ambao mgonjwa wa kuhara hunywa pamoja na maji, haikuwekwa kwa ajili ya ladha: bila hiyo chumvi haipiti vizuri, na maji huifuata chumvi.