Karungu, Bandari Iliyokimbiwa na Ofisi

Ogwedhi iko mpakani mwa Migori na Trans Mara, katika nchi ya ng'ombe, na kutoka hapo ziwa halionekani kabisa. Anayetaka kuiona bandari ya kale ya upande huu hufuata maji. Mto Migori hushuka kuelekea magharibi, hujiunga na Kuja, na Kuja humwaga katika Ziwa Viktoria huko Nyatike. Njiani kuna maporomoko ya Gogo, ambako katika miaka ya 1950 ulijengwa mtambo wa umeme wa megawati 2 kwa ajili ya mgodi wa Macalder uliochimba shaba na dhahabu. Maporomoko hayo yanatosha kueleza kwa nini meli hazikuufuata mto kwenda bara. Zilitia nanga ghubani, Karungu.

Leo kituo hicho wengi wanakijua kwa jina la Sori. Kuna mashua za injini, nyavu zilizotandazwa na omena, yaani dagaa, inayoanikwa juani. Mgeni asiyeambiwa hawezi kujua kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita serikali ya kikoloni ilitawala kusini yote ya Nyanza, pamoja na nchi ya Wagusii, kutoka hapa.

Biashara ilitangulia serikali, tena kwa miaka mingi. Waluo walipeleka mifugo, samaki, chumvi na vyungu kwa Wagusii, wakarudi na nafaka na vyuma. Ukame ulipokausha mashamba ya ufuoni, wimbi na mtama wa milimani ndivyo vilivyookoa watu, na bei yake ilikuwa ng'ombe. Majembe ya Samia, upande wa kaskazini, yalivuka ghuba kwa mitumbwi. Wasuba wa Rusinga na Mfangano walikuwa mabaharia hodari kabla ya moshi wa meli ya kwanza kuonekana.

Moshi huo uliletwa na reli. Ujenzi ulioanza Mombasa mwaka 1896 ulifika Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, Desemba 1901. Meli ziliundwa Paisley, Uskoti, zikasafirishwa vipandevipande na kuunganishwa tena ufuoni: William Mackinnon, kisha Winifred na Sybil. Ghafla ngozi, ufuta, njugu na samli za Nyanza zikapata njia ya kufika Bahari ya Hindi. Huku zikashushwa vitambaa vya amerikani, shanga, blanketi na majembe ya kiwandani, na Mhindi akafungua duka karibu na gati. John Ainsworth, mkuu wa jimbo la Nyanza kuanzia 1907, alihimiza sana kilimo cha ufuta na pamba. Ukarimu haukuwa sababu pekee. Kodi ya vibanda ilidaiwa kwa rupia, na mwenye mtama tu ghalani hakuwa na rupia.

Karungu ilikuwa na sababu nyingine ya kupendwa na watawala. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi mwaka 1886, mpaka wao ulielekezwa hadi pale latitudo ya digrii 1 kusini inapogusa ufuo wa mashariki wa ziwa. Mstari huo uko jirani kabisa na Karungu, na ng'ambo yake Wajerumani walikuwa na boma lao Shirati. Ofisi na gati viliwekwa pamoja, macho yakiwa kusini.

Haikudumu. Mwaka 1907 ofisi ilihamia milimani, Getembe, yaani Kisii ya leo, karibu na watu ambao serikali ilikuwa bado inapigana nao. Januari 1908 mkuu wa wilaya, Northcote, alichomwa mkuki na Otenyo, mpiganaji wa Kigusii. Karungu ikabaki na maji yake. Mlango wa Kisii sasa ukawa Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, ambako Waadventista walikuwa wamefika tangu Novemba 1906 wakiongozwa na Carscallen na Peter Nyambo wa Nyasaland, wakajenga misheni Gendia. Huko baadaye kulianzishwa kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vya Kiluo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilionyesha thamani ya magati haya. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii. Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza, waliletwa kwa meli kutoka Kisumu, wakashuka Kendu na kupanda kwa miguu. Katika mapigano ya tarehe 12 kamanda wao, Kapteni Thorneycroft, aliuawa, lakini Wajerumani wakarudi nyuma. Waliikalia pia Karungu yenyewe, na meli za Waingereza zikatumwa kuwaondoa.

Baadaye bandari ndogo kama hizi zilikufa, na wengi ziwani hulaumu gugumaji. Ni kweli mmea huo, ulioenea ziwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ulifunga ghuba ya Winam kiasi cha mashua kushindwa kutoka. Lakini ulimkuta mgonjwa kitandani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na meli zikagawanywa baina ya nchi. Lami nayo ilikuwa ikisogea, na mfanyabiashara wa Migori au Homa Bay hakuona haja ya kungoja meli ilhali lori linapakia mlangoni pake.

Pale Kendu maduka ya zamani ya Wahindi na msikiti wa Tawakal bado vipo. Sori haina kumbukumbu ya aina hiyo, ila soko lina shughuli kuliko gati nyingi zenye sifa. Wanunuzi wa omena hufika mapema, kwa kuwa viwanda vya chakula cha kuku huzigombania na akina mama wanaozipeleka sokoni kwa chakula cha watu, na magunia yakishafungwa hupakiwa kwenye malori kuelekea Migori, Kisii na Nairobi.