Tarehe ya Daftari Katika Njia ya Unyanyembe

Wanapotajwa watu walioijenga Tabora, aghalabu husifiwa wenye bunduki na wenye pembe, na wenye kalamu wakasahauliwa. Walakini biashara ya njia ile, tangu Bagamoyo hata Unyanyembe, na kutoka hapo hata Ujiji, ilisimama juu ya deni, na deni lilihitaji daftari. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipowasili Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857 na kupokewa na Snay bin Amir, waliwakuta Waarabu wamekwisha kujenga matembe yenye ghala za merikani, kaniki na ushanga. Na shehena kama hizo kwa desturi zilikopwa Unguja kwa ahadi ya pembe ambazo zingepimwa kwa frasila baada ya miezi mingi, pengine miaka.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, alitegemea mtaji wa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, na katika habari za maisha yake alizozisimulia mwenyewe hawaachi nyuma wadai wake. Daftari la mdai lilikaa pwani, penye kivuli. Mdaiwa alikuwa porini na hesabu yake kichwani. Mtemi Mirambo alipoifunga njia kwa vita mwaka 1871, pembe zilikwama bara, ilhali tarehe za kulipa zilizoandikwa Unguja hazikungoja vita viishe.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na msafara wa wapagazi ukafa. Daftari likahamia dukani, mbele ya macho ya mkopaji, ingawa kalamu ilibaki kwa mwenye duka.

Mtu wa kawaida kuwa na daftari lake mwenyewe, lenye uwezo wa kulisahihisha la benki, ni jambo lililostawi ng'ambo. Mwaka 1983 Scott Cook na Tom Proulx waliasisi Intuit huko California, wakatoa Quicken, programu ya kompyuta ya nyumbani iliyomwezesha mwenye nyumba kuandika hundi zake, kugawa matumizi yake kwa mafungu na kuyalinganisha na taarifa ya benki. Microsoft ilileta Money mwaka 1991, kisha mwaka 1994 ikataka kuinunua Intuit yenyewe. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikaenda mahakamani kupinga, na Microsoft ikaliacha shauri hilo la ununuzi.

Tabora haikuionja neema hiyo. Programu zile zilitaka hundi, taarifa ya benki na kompyuta sebuleni, nasi benki zetu zilitaifishwa mwaka 1967, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ilipokwisha kulegezwa, na kompyuta zikaanza kuenea, fani yenyewe ya programu hizo ilikuwa inanyauka huko ilikozaliwa: benki ziliwafungulia wateja hesabu zao kwa intaneti, tovuti ya Mint ikatoa huduma ya daftari bure kuanzia 2007, Microsoft ikaacha kuiuza Money mwaka 2009, na Intuit, iliyokuwa imeinunua Mint, ikaifunga mwaka 2024. Quicken ingali hai, lakini chini ya wenyewe wengine. Kwa maoni yangu kilichoiua fani ile ni uvivu, maana wachache hupenda kuandika kila jioni walichotumia mchana. Hivyo kalamu ikarejea kwa mwenye kushika fedha, kama zama za Taria Topan.

Kwetu ilirejea kwa njia ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, muuza asali wa Tabora hupata ujumbe wa kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, pasipo kuandika neno. Hata hivyo kaunta buku hajaitupa, kwa sababu simu huijua fedha iliyokwisha kupita tu, na sehemu kubwa ya asali yake imetolewa kwa mali kauli, kwa watu watakaolipa wakishauza.