Yai Lililopasuka Woods Hole

Mwaka 1930 mwanabiolojia Lewis Victor Heilbrunn alichapisha kazi aliyoifanya kwa mayai ya Arbacia, mnyama wa baharini wa mviringo mwenye miiba mwili mzima, jamaa wa wale wanaotuchoma nyayo huku Tanga maji yakipwa. Vifaa vyake, ukiiacha hadubini, hata shule ya kata ingevimudu: kipande cha kioo, kifuniko chembamba, na maji ya bahari ya namna mbili, yenye kalsiamu na yasiyo nayo. Yai halifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Unalikandamiza mpaka lipasuke, kisha unatazama.

Kwenye maji yenye kalsiamu, ute hauendi mbali. Chembe nyekundu zilizomo ndani zinavimba na kupasuka, na papo hapo ngozi mpya inajitanda pale ute unapokutana na maji. Kalsiamu ikikosekana, ute unamwagika tu hadi yai liishe.

Nilifundisha biolojia miaka mingi, na vitabu vyote nilivyotumia vilichora utando wa seli mzima, tena mistari miwili iliyonyooka. Hakuna kilichouliza ukitoboka inakuwaje. Heilbrunn aliuliza, katika maabara ya viumbe vya bahari ya Woods Hole, Marekani, akashikilia kwamba kalsiamu ndiyo inayoamrisha mambo mengi ndani ya seli. Wengi walimwona mtu wa wazo moja. Alifariki 1959 bila kuona mwisho wa hoja yake.

Hesabu ilikuwa upande wake. Kalsiamu iliyo nje ya seli zetu ni kama mara 10,000 ya ile iliyo huru ndani. Utando ukichanika, kalsiamu inaingia kwa kasi, na ikizidi inaua. Lakini kuingia huko ndiko kunakoipa seli habari ya jeraha na mahali lilipo.

Mwaka 1994 Richard Steinhardt na wenzake walirudi kwa jamaa hao hao wa miiba. Walionyesha kwamba kalsiamu huvisukuma vifuko vidogo vya ndani viungane na utando, kama neva zinavyofanya zinapotoa kemikali zao. Ushahidi wao ulikuwa mkali: sumu ya botulinamu, inayokata protini za muungano huo, ilizuia jeraha lisizibe. Miaka mitatu baadaye Mark Terasaki, Katsuya Miyake na Paul McNeil walieleza jinsi vifuko vinavyoungana vyenyewe kwa vyenyewe kuwa kiraka kikubwa. Kazi yote ni ya sekunde chache.

McNeil ndiye ninayempenda zaidi, kwa sababu hakuishia kwenye mayai; alichunguza misuli pia. Mwaka 1992 yeye na mwenzake walitumia panya waliokimbia kwenye mashine iliyoinama, wakiteremka. Ndani ya nyuzi za misuli walikuta albumini, protini ya damu ambayo haina njia ya kupita utando mzima. Nyuzi zilikuwa zimechanika. Ukishuka kwa miguu kutoka Soni hadi Mombo na mzigo, kesho yake mapaja yatakueleza. Kupanda hakuumizi hivyo.

Norma Andrews, mzaliwa wa Brazil, aliifikia njia hii ya kuziba utando kupitia ugonjwa. Kimelea kinachousababisha, Trypanosoma cruzi, hujeruhi utando, lisosomu, yaani vifuko vya seli vya kusagia taka, zinakuja kuuziba, na kimelea kinapenya humo humo, mithili ya mwizi avunjaye mlango ili aingie pamoja na fundi.

Kuna watu ambao kwao kiraka cha utando hakifungi. Wanakua vizuri, wengine ni wanamichezo, kisha ujanani miguu inaanza kuishiwa nguvu. Jeni yenye kasoro ilitambuliwa 1998. Protini yake inaitwa disferlini. Mwaka 2003 timu ya Kevin Campbell, Iowa, ilitoboa kwa leza misuli ya panya wasio na protini hiyo, kwenye maji yenye rangi. Kalsiamu ilikuwepo ya kutosha, na chini ya utando vifuko vilikuwa vimejazana, ila rangi iliendelea kuingia.