Kingwana ni Lugha ya Nani?

Labda umesikia mtu akigombana na jirani yake Mwislamu, na kumwambia: "Rudi kwa Waarabu wenu, ninyi wauza-watumwa!" Wengine wanatukana hata Kiswahili chenyewe. Hebu tuulize historia.

Kweli isifichwe. Misafara ya pwani ilifika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, na huko Livingstone aliona mauaji ya sokoni mwaka wa 1871. Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, aliweka makao yake Kasongo. Watu wengi walitekwa. Lakini Mwingereza Cameron, alipofika kwa mfalme wetu Kasongo Kalombo mwaka wa 1874, alikuta wafanyabiashara wa watumwa waliotoka Angola. Hao hawakuja na Kiswahili, na mfalme wetu aliwapokea. Jambo hili hatupendi kulikumbuka.

Sasa Wangwana ni nani? Neno hilo maana yake ni watu huru, wasio watumwa. Wengi wao hawakuwa Waarabu. Walikuwa vijana wa Wakusu, wa Wasongye na wa makabila mengine, waliotekwa au waliofuata misafara, wakasilimu, wakajifunza Kiswahili, wakachukua jina hilo wapate heshima. Unaona? Yule unayemwita muuza-watumwa, pengine babu yake alifungwa kamba moja na babu yako.

Lugha yao ikaitwa Kingwana. Wenye elimu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na barua kadhaa za miaka ile zimehifadhiwa Ubelgiji. Ni kama Waislamu Wamapila wa Kerala, kule India, walioandika Kimalayalam chao kwa herufi hizo.

Vita vya 1892 mpaka 1894 vilivunja utawala wa wakubwa wao. Lugha haikuvunjika. Baadaye Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ilikusanya wafanyakazi wa Maniema, Kasai na Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikawaunganisha. Mwaka wa 1992 na 1993, majirani wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa, wakisema Kiswahili kile kile cha waliowafukuza.

Na kesho, ukienda sokoni, msikilize mama muuza mihogo akiita "batoto". Pwani wanasema "watoto". Hiyo "ba" ni yetu, kama vile Kiluba kinavyosema "bana" na "bantu".