Sentimita 5

Kiatu cha kushoto cha shangazi kina kipande cha godoro ndani. Alikikata mwenyewe kujaza shimo la kisiginoni. Mwaka 1996 alitolewa melanoma, saratani ya ngozi, doa jeusi dogo kuliko punje ya hindi. Pamoja na doa ikaenda nyama ya sentimita 5 kila upande, yaani karibu kisigino kizima, na paja likachunwa ngozi ya kufunika jeraha.

Nilipoanza kusoma udaktari nilizitafuta hizo 5 zilikotoka. Zinarudi kwa maiti moja. Mwaka 1907 huko London, daktari mpasuaji William Sampson Handley alieleza alivyochunguza mwili wa mwanamke aliyekufa kwa melanoma iliyokwisha kusambaa, akashauri wenzake wakate kwa upana na kina. Ushauri ukageuka desturi, na desturi hospitalini haiulizwi vyeti.

Mwaka 1970 Alexander Breslow, Mmarekani, alionyesha kwamba hatari inategemea unene wa uvimbe, unaopimwa kwa milimita. Ndipo watu wakathubutu kupunguza. Mwaka 1988 Umberto Veronesi na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 612 wenye melanoma isiyozidi milimita 2: waliokatwa sentimita 1 pembeni waliishi sawa na waliokatwa 3. Shangazi alikatwa miaka 8 baadaye. Unene wa doa lake haukuandikwa kwenye faili.

Kwa melanoma zinazozidi milimita 2, Sweden na majirani zake waligawa wagonjwa 936, wengine sentimita 2, wengine 4. Mwaka 2019, baada ya kuwafuatilia karibu miaka 20, hawakuona tofauti ya vifo. (Kupunguza nako kuna mpaka: Uingereza, kwa melanoma nene kama hizo, sentimita 1 ilifuatwa na vifo vingi kuliko 3.)

Nilimpelekea shangazi habari hizi nikiwa na hasira kwa niaba yake. Akanikatiza: "Hao wa Sweden, mwanangu, walikuwa nayo kisiginoni?"

Nikarudi kwenye masharti. Sweden na Uingereza, wote hawakupokea melanoma za nyayo. Na sisi Waafrika, unyayoni ndiko hasa inakotuotea.

Nilipomwambia alicheka kidogo, akanipa mkasi na godoro la zamani. Kipande cha kiatuni kilikuwa kimebonyea.