Lefebvre: Nyundo ya Mhunzi na Kalamu ya Karani

Majina mengi ya ukoo ya Kifaransa huhifadhi kazi ya babu aliyesahauliwa. Lefebvre latokana na neno la Kilatini faber, yaani fundi, ambalo katika Kifaransa cha kale lilikuja kumtaja mhunzi. Neno hilo, fèvre, lilitoweka katika usemi, likasalia ndani ya orfèvre, maana yake sonara. Jina la ukoo likadumu. Kusini mwa Ufaransa, asili hiyo hiyo ilizaa Fabre na Faure.

Herufi b haitamkwi. Makarani waliiingiza ili kukumbusha Kilatini. Tena, kwa kuwa zamani u na v hazikutofautishwa katika maandishi, wengine walisoma Lefébure, na jina jipya likazaliwa.

Miongoni mwa waliolibeba ni Jacques Lefèvre d'Étaples, aliyefasiri Biblia nzima kwa Kifaransa (1530), na mwanahistoria Georges Lefebvre (1874–1959). Huyu wa pili, katika kitabu chake cha mwaka 1924 juu ya wakulima wa jimbo la Nord wakati wa Mapinduzi, alichambua hati za kumbukumbu akawarudishia wanyonge historia yao.

Basi mwanafunzi wa historia azingatie: kalamu iliyopotosha jina la mhunzi ndiyo pia iliyomhifadhi mkulima.