Pointi za adhabu (Uingereza)

Pointi za adhabu ni alama zinazoandikwa katika rekodi ya dereva aliyetiwa hatiani, au aliyekubali kulipa faini, kwa makosa fulani ya barabarani. Nchini Uingereza, pamoja na Uskoti na Welisi, rekodi hizo hutunzwa na wakala wa serikali uitwao DVLA, wenye makao makuu mjini Swansea. Ireland ya Kaskazini ina wakala wake.

Historia

Mfumo huu ulitokana na Sheria ya Uchukuzi ya mwaka 1981. Kwa miaka mingi pointi ziliandikwa kwenye karatasi iliyoambatana na kadi ya leseni. Karatasi hiyo ilifutwa tarehe 8 Juni 2015. Kwa kuwa kadi yenyewe haionyeshi pointi, dereva hujua idadi yake kwa kukagua rekodi.

Makosa na pointi

Kila kosa lina msimbo wake katika rekodi, pamoja na kiwango cha pointi:

* SP30: kuzidi mwendo unaoruhusiwa, pointi 3 hadi 6
* CU80: kutumia simu ya mkononi wakati wa kuendesha, pointi 6 tangu Machi 2017
* IN10: kuendesha gari lisilo na bima, pointi 6 hadi 8
* DR10: kuendesha ukiwa na kilevi kupita kiwango, pointi 3 hadi 11

Kukagua rekodi

Ukaguzi hufanyika bure katika tovuti ya serikali. Dereva huingiza namba ya leseni, namba yake ya Bima ya Taifa na msimbo wa posta. Rekodi huonyesha kosa, tarehe yake, idadi ya pointi na madaraja ya magari anayoruhusiwa kuendesha. Anaweza pia kuuliza kwa simu au kwa barua.

Mwajiri au kampuni ya kukodisha magari ikitaka kuona rekodi, dereva huipatia namba maalumu inayotolewa na tovuti hiyo. Namba hiyo hutumika kwa siku 21.

Muda wa pointi

Pointi nyingi hubaki katika rekodi kwa miaka 4, lakini huhesabiwa kwa miaka 3 ya kwanza tu. Kwa hiyo katika mwaka wa nne dereva bado ataziona, ingawa haziingii tena katika hesabu ya kufungiwa. Makosa ya kuendesha kwa ulevi hubaki kwa miaka 11.

Kufungiwa leseni

Dereva anayefikisha pointi 12 ndani ya miaka 3 kwa kawaida hufungiwa kuendesha kwa muda usiopungua miezi 6. Mahakama inaweza kumwachia ikiridhika kwamba adhabu hiyo italeta taabu isiyo ya kawaida, kwa mfano kwa watu wanaomtegemea.

Dereva mpya ana nafasi ndogo zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1995, akifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 tangu afaulu mtihani, leseni yake hubatilishwa. Hulazimika kuomba leseni ya mwanafunzi na kurudia mtihani wa nadharia na wa vitendo. Kosa moja la simu latosha kumfikisha hapo.